Duka la mtandaoni nalo lina mwenye fremu

(Hotuba niliyoitoa Jumamosi hapa Dar es Salaam, mbele ya wafanyabiashara wa mtandaoni na mafundi wenzangu wa tovuti. Nimeiandika yote kwa ajili ya wale waliotuma salamu kwamba mvua imewazuia. Nilichoondoa ni picha za ukutani na zile dakika ambazo spika iligoma.)

Wazee wetu, shikamooni. Wenzangu, habari za mchana. Na nyie vijana mliojibana pale kwenye soketi ya kuchajia simu, marahaba.

Nianze kwa kuuliza. Nani humu amepanga fremu ya duka Kariakoo, au amewahi kupanga? Nyoosheni mikono tuone. Haya. Nani amewahi kulipa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, halafu mwezi wa nane mwenye fremu akaja na tepu ya kupimia, anasema jengo linavunjwa? Naona mikono ni ileile, na mmoja kanyoosha yote miwili.

La pili. Nani ana duka mtandaoni? Sisemi ukurasa wa picha ambao mteja akiuliza bei anaambiwa "njoo inbox". Nasema duka: mteja anaingia saa nane za usiku, anaona bei, anachagua saizi, analipa kwa simu, anapata namba ya oda, na wewe umelala fofofo. Kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Sawa. Nyie kumi na wawili, mwenye fremu wenu ni nani?

Mmenyamaza. Dada wa pale mbele anasema, "Hayupo, ndiyo maana nilihamia mtandaoni." Asante dada, umenirahisishia kazi. Maana yupo. Tena si mmoja, wako wengi, na hujawahi kuuliza hata majina yao.

Maduka karibu yote niliyowajengea wateja wangu yanatumia WooCommerce, programu ya kuendeshea duka, na WooCommerce imekaa juu ya WordPress, programu ya kujengea tovuti. Programu zote mbili ni huria, yaani yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzibadilisha. Unapakua, unaweka kwenye seva, unaanza kuuza, hakuna anayegonga mlango tarehe moja kudai kodi. Tukazoea kuiita "ya bure". Na cha bure sisi hatukiulizi. Mtu akikupa sahani ya ubwabwa barabarani utauliza leo kuna shughuli gani. Programu inayopokea hela zako na namba za simu za wateja wako, hujauliza chochote.

Basi leo tuulize. Imetoka wapi? Nani anaishika? Akigombana na mwenzake, wewe inakuwaje?

Imetoka wapi. Hii hadithi ina Afrika ndani yake, kwa hiyo naipenda. Mwaka 2008 kulikuwa na kampuni ikiitwa WooThemes, waanzilishi wake watatu, Adii Pienaar na Mark Forrester wa Afrika Kusini na Magnus Jepsen wa Norway. Makao yao Cape Town. Kazi yao kuuza mandhari, yaani sura za tovuti za WordPress. Wateja wao wakawa wanataka kuuza vitu kwenye tovuti hizo. Wakati huo Uingereza kulikuwa na kampuni ndogo ya Jigowatt, nayo ilikuwa imetoa plagini ya duka, yaani kipande cha kuiongezea WordPress kazi mpya, iitwayo Jigoshop. WooThemes wakaitaka. Wakazungumza, hawakuelewana.

Wakafanya nini? Wakawaajiri watu wawili waliokuwa wakiiandika ile plagini, Mike Jolley na James Koster. Wakauchukua msimbo wa Jigoshop, yaani maandishi yanayoiendesha programu, kama ulivyo, wakauanzishia tawi lake, wakaupa jina jipya. Tarehe 27 Septemba 2011 ikatoka WooCommerce.

Nawaona mnaguna. Wizi? Hapana. Leseni ya Jigoshop ilikuwa GPL, na GPL inasema: chukua, badilisha, gawa, mradi na wewe uwaachie wengine ruhusa ileile. Kisheria hakuna neno. Lakini watu walikasirika, na mimi siwalaumu. Mmewahi kuona mpishi wa pilau akihama mgahawa? Mwenye mgahawa anabaki na meza, viti na bango la taa. Wateja wanamfuata mwenye mkono. Leo hii ukimtajia kijana Jigoshop anadhani unamtania.

Na msifikiri ilikuwa mara ya kwanza. Ujerumani mwaka 2000 ilianzishwa osCommerce, programu nyingine huria ya duka, wengi wetu wa rika langu tulijifunzia hapo. Mwaka 2003 baadhi ya watu wake wakajitenga, wakaanzisha Zen Cart. Baadaye Roy Rubin na Yoav Kutner, kule Los Angeles, wakachoka kuhangaika na osCommerce, wakaandika yao kuanzia mwanzo. Ikatoka 2008, ikaitwa Magento. Katika biashara hii watu wakichoka wanahama, na wakihama wanaondoka na sufuria.

WooThemes nao wakanunuliwa. Mei 2015 wakaingia mikononi mwa Automattic, kampuni ya Matt Mullenweg, mmoja wa waanzilishi wa WordPress. Kwa hiyo dada wa mbele, mwenye fremu mkubwa ni huyo. Lakini subiri, maana ukuta ukipasuka si yeye anayekuja na saruji. Anayekuja ni mtu usiyemjua kabisa, au haji mtu.

Niwape la kwangu mwenyewe.

Nina mteja, dada anayeuza madera na vitenge. Fremu yake ipo, lakini nusu ya mauzo yalishahamia kwenye tovuti niliyomjengea. Ramadhani ya 2024, wiki ya mwisho, kila mtu anatafuta dera la Idd. Oda zinaingia kama mvua, na duka limekuwa zito. Ukifungua orodha ya oda unaweza kwenda kuswali ukarudi bado inazunguka.

Kwa nini lilikuwa zito? Hapa mafundi mnivumilie, naeleza kwa ajili ya wenye maduka. Miaka yote WooCommerce ilikuwa inahifadhi oda kwenye jedwali lilelile ambalo WordPress inahifadhia makala na kurasa. Oda ya dera la kijani na ukurasa wa "Kuhusu Sisi" vilikuwa vinakaa pamoja. Na mambo ya ndani ya oda, jina, simu, mtaa, jumla, njia ya malipo, kila kimoja kilikuwa na mstari wake kwenye jedwali jingine, mistari makumi kwa oda moja. Fikirieni muuzaji mwenye daftari moja: humo humo mauzo, humo humo madeni, michango ya harusi, namba ya fundi bomba, na hirizi ya mtoto imechorwa ukurasa wa mwisho. Biashara ikiwa ndogo anaona raha. Ikikua, anatafuta deni la Mama Asha mpaka jua linazama.

Oktoba 2023, toleo la 8.2, WooCommerce wakatangaza kwamba mfumo mpya umekomaa: oda zipewe majedwali yake zenyewe, manne. Duka jipya linaanza nayo moja kwa moja. Duka la zamani unalihamisha mwenyewe ukiwa tayari. Kwa maoni yangu ni badiliko bora kuliko yote waliyofanya tangu waanze, na lilichelewa sana.

Nikaona lile tangazo. Nikahamisha oda. Nikazima na ule ulinganishaji wa daftari la zamani na jipya, maana nao unakula nguvu. Duka likawa jepesi, unabonyeza limefunguka. Ilikuwa Ijumaa, kama saa kumi na moja jioni. Nikafunga kompyuta, nikaenda kufuturu kwa shemeji yangu, nimejaa sifa.

Mafundi mnaocheka, mmeshajua. Ijumaa jioni! Wiki ya Idd!

Saa tatu usiku simu inalia. "Kaka, wateja wanalipa, hela naziona, lakini oda zinajifuta."

Zinajifuta vipi? Nikafungua. Kweli, oda inaingia, inakaa "inasubiri malipo", baada ya saa moja inageuka "imefutwa". Moja baada ya nyingine, kama taa za mtaani zinavyozimika. Kumbe WooCommerce ina mpangilio wa kumshikia mteja mzigo kwa dakika 60. Asipolipa, oda inafutwa na mzigo unarudi dukani. Sasa hawa walikuwa wamelipa! Mteja wa Tabata amelipia dera la mwisho la zambarau, oda yake imefutwa, dera limerudi sokoni, mteja wa Mbagala naye amelinunua na kulipa, na yake inasubiri kufutwa. Dera moja, hela mara mbili, oda sifuri.

Ilikuwa nini? Sikilizeni vizuri, maana hii iko kwenye maduka ya baadhi yenu sasa hivi. Mteja akibonyeza kulipa, ujumbe unajitokeza kwenye simu yake, anaweka namba ya siri. Kampuni ya malipo inatuma jibu kwenye duka: kumbukumbu namba fulani imelipwa. Plagini ya malipo inaichukua namba ile, inakwenda kutafuta oda yake. Plagini yangu ilikuwa imeandikwa zamani. Ilikuwa inakwenda moja kwa moja kwenye daftari la zamani, inafunua kwa mkono wake yenyewe. Daftari la zamani halikuwa na oda mpya hata moja. Haikukuta kitu, ikanyamaza. Haikulia, haikutuma barua pepe. Ilinyamaza tu, kama mtoto aliyevunja glasi.

Na onyo je? WooCommerce huwa inakuonya kabla hujahama, kwamba plagini fulani haijawa tayari. Lakini inaziona tu zile zilizojitambulisha kwake kwa maandishi ya mwanzoni mwa faili. Yangu haikujitambulisha. Ilipita mlangoni bila kusalimia.

Nani aliiandika? Kijana mmoja mzuri sana, alitengenezea maduka mengi hapa mjini. Akapata ajira nje. Namba yake ya simu ilikuwa haipatikani, na plagini ilikuwa na miaka miwili haijaguswa. Nimlaumu? Nilimlipa mara moja tu, nikamtumikisha miaka miwili. Na aliyebonyeza siku ya Ijumaa ni nani?

Usiku ule nikarudisha daftari la zamani, oda zikaanza kusomeka. Kisha tukakaa kwenye mkeka sebuleni kwa dada, yeye anasoma meseji za malipo kwa sauti, jina, kiasi, dakika, na mimi natafuta oda iliyofutwa inayofanana. "Elfu thelathini na tano, saa mbili na dakika kumi na tatu." "Nimeipata." Oda kumi na nne. Tulimaliza muda wa daku, akatuletea uji. Wawili walirudishiwa hela, mmoja wao alitusema maneno ambayo ni haki yake.

Dawa yenyewe? Mistari miwili ya msimbo. Badala ya plagini kufunua daftari, iiombe WooCommerce oda kwa namba, na WooCommerce yenyewe inajua daftari liko wapi. Mistari miwili! Na sikuibuni mimi. Niliikuta imeelezwa vizuri, bure, na mtu wa mbali aliyekwishaungua kabla yangu, akaandika ili mwingine asiungue. Huyo ndiye mwenye fremu ninayemsema mimi. Sijui hata jina lake halisi.

Tuache ya kwangu. Twende kwenye ugomvi wa wakubwa, maana najua wengine mmekuja kwa ajili ya huo.

Septemba 2024, Marekani, kwenye mkutano mkubwa wa watu wa WordPress, Matt Mullenweg alipanda jukwaani akaishambulia kampuni ya WP Engine, kampuni ya Texas inayohifadhi tovuti za WordPress. Kisha akaandika kwamba ni saratani. Hoja yake: wanavuna pesa nyingi kutokana na WordPress na hawarudishi kazi ya kutosha, tena wanatumia jina vibaya. Automattic walikuwa wanataka wapewe asilimia 8 ya mapato. WP Engine wakakataa, wakaenda mahakamani mwanzoni mwa Oktoba.

Nani ana haki? Mimi si hakimu. Nitasema tu kwamba hoja ya kurudisha kazi ina uzito, na njia aliyoitumia iliwaumiza watu wasiohusika. Tarehe 25 Septemba WP Engine wakazuiwa kufikia WordPress.org, pale ambapo plagini na mandhari za bure zinatolewa. Maana yake? Mwenye duka, pengine mama anayeuza sabuni za kutengeneza kwa mkono huko Ohio, anabonyeza kitufe cha kusasisha, hakifanyi kazi. Hajui ugomvi, hajui kesi. Anajua kitufe kimekufa. Tarehe 12 Oktoba, plagini maarufu ya WP Engine, Advanced Custom Fields, ikachukuliwa pale pale kwenye ghala na kupewa jina jingine. Watu wakasasisha wakajikuta na plagini ya mwenye mwingine. Ndani ya Automattic kwenyewe watu 159 walichukua malipo ya kuondoka, wakaondoka.

Mpaka kwenye ukurasa wa kuingilia pakawekwa kisanduku cha kutia alama, uape kwamba huna uhusiano na WP Engine. Desemba mahakama ikatoa zuio, ufikiaji urudishwe. Kisanduku kikatolewa. Kikawekwa kingine, utie alama kukubali kwamba nanasi juu ya piza ni tamu. Ndiyo, nanasi. Jamani, duka la mtu linategemea mlango huo.

Najua mnasubiri niseme ile methali ya tembo na nyasi. Siisemi. Haitufai hapa, kwa sababu nyasi haina miguu. Sisi tunayo. Programu ni huria, ruhusa ya kuondoka imeandikwa kwenye leseni.

Wenzetu wa Magento wametuonyesha. Magento ilipita mikononi mwa eBay, ikauzwa tena, na mwaka 2018 Adobe wakainunua kwa dola bilioni 1.68. Juni 2020 toleo la kwanza likakoma kuhudumiwa. Kulikuwa na maduka mengi juu yake, na kuhama kwenda toleo la pili ni kama kujenga upya. Wengine walikataa, wakaliendeleza wenyewe kwa jina la OpenMage. Mwaka 2021 watengenezaji wakaandika barua ya wazi wakisema wanahofia hatima ya lile toleo huria, na hapo ikazaliwa Mage-OS. Haikupigana na Adobe wala kutukanana nao. Walijipanga tu, siku ya siku wasikutwe wamelala. Kwa upande wa WordPress, Juni 2025 kikundi kilitangaza mradi wa FAIR, chini ya Linux Foundation, taasisi ya programu huria, kutengeneza njia nyingine ya kusambaza plagini na masasisho ili mlango usiwe mmoja.

Kwa hiyo miguu ipo. Swali ni kama wewe unaweza kutembea. Na hapa nataka kuwaudhi mafundi wenzangu kidogo.

Mama, jina la tovuti yako limesajiliwa kwa jina la nani? Lile la .co.tz, kule kwenye rejista ya majina ya .tz wanamtambua nani? Wewe au kijana aliyekujengea? Barua pepe ya usimamizi ni ya nani? Nakala ya akiba iko wapi, na umewahi kuijaribu hata mara moja kuona kama inafunguka? Mara tatu mwaka huu nimeletewa mwenye duka analia, fundi hapokei simu na kila kitu kipo kwa jina la fundi. Tunawasema Automattic, tunawasema Adobe. Mwenye fremu wa karibu kuliko wote ni mimi, fundi wako. Na baadhi yetu ni wabaya kuliko wale wa Kariakoo, kwa sababu wa Kariakoo angalau unajua anakaa Magomeni.

Habari za wezi nitazipitia upesi. Juni 2024 liligundulika tundu kwenye Magento, likaitwa CosmicSting. Mtu asiye na nywila yoyote aliweza kusoma mafaili ya ndani, likiwemo lenye ufunguo wa siri wa duka. Akiwa na ufunguo anajitengenezea ruhusa, anapandikiza msimbo kwenye ukurasa wa malipo, kadi za wateja zinamfikia yeye. Adobe wakatoa kiraka. Watu wakaweka kiraka, wakalala. Mnaona tatizo? Umeziba dirisha, lakini aliyeingia juzi ameondoka na ufunguo wa mlango wa mbele, na kitasa ni kilekile. Ilibidi ufunguo nao ubadilishwe, na wengi hawakufanya. Sansec, kampuni ya Uholanzi inayofuatilia mambo haya, walihesabu maduka zaidi ya 4,000 yaliyoingiliwa. Septemba 2025 likaja jingine, SessionReaper, na wiki sita baada ya kiraka kutoka zaidi ya nusu ya maduka yalikuwa hayajakiweka.

Utaniambia, mimi sipokei kadi, wateja wangu wanalipa kwa simu. Sawa. Una majina yao, namba zao, mtaa na rangi ya geti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu 1 Mei 2023, na haiulizi kama unapokea kadi.

Na kwa anayetaka kuniuliza kuhusu akili unde (AI): ndiyo, Septemba 2025 OpenAI, wenye ChatGPT, na Stripe, kampuni ya malipo, walitangaza mteja kununua akiwa ndani ya mazungumzo ya ChatGPT, wakaanzia Marekani. Siku mteja wa Temeke atakapolipia kitenge huko kwa pesa ya simu, niiteni tena nitahutubia.

Nimalizie na jambo lililotuleta mchana huu. Nimesema wenye fremu ni watu tusiowajua wanaoziba nyufa. Je, sisi tumeziba ufa gani? Watu wanadhani kuchangia ni lazima uwe bingwa wa msimbo. Ngoja niwasomee ujumbe uliotumwa kwa mteja wa hapa hapa Dar es Salaam, mwaka jana, kutoka duka lililotafsiriwa kwa mashine: "Amri yako imepokelewa. Asante kwa amri yako. Amri yako inashughulikiwa."

Amri! Bibi wa watu kaagiza mafuta ya nazi, kageuzwa mkuu wa kikosi. Na duka hilohilo lilikuwa na kitufe kimeandikwa "Ongeza kwenye mkokoteni". Mkokoteni, jamani, kwa ajili ya chupa mbili za mafuta. Mkokoteni ni wa kubebea magunia Tandale. Dukani tunasema kikapu.

Hakuna mtu wa Cape Town wala Texas atakayejua tofauti ya oda na amri. Hilo ni letu. Tafsiri za WordPress na plagini zake hufanywa na watu wa kujitolea, neno kwa neno, na Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha. Ndiyo maana mmeona zile meza tatu karibu na dirisha. Tumechapisha maneno ya kwenye kikapu na ya kwenye malipo, kila meza na kurasa zake. Wenye maduka mkae katikati, mafundi mkae pembeni na kompyuta, maana nyie mafundi mkiachiwa kalamu mtatuandikia "tekeleza muamala".

Nilipofika asubuhi nilimuonyesha mama mmoja muuza vitenge kile kitufe ambacho mteja anabonyeza akimaliza kuchagua, kile cha "Checkout", ambacho mashine imekitafsiri "Angalia nje". Nikamuuliza, mama, mteja akishachagua pale kwako, akakusanya vitu vyake mezani, wewe unamwambiaje? Akanitazama kama nimeuliza swali la kitoto. Akasema, "Namwambia haya, tupige hesabu."

Meza ya kwanza ianze na hilo. Chai iko nyuma, vitumbua viwili viwili.